Napenda uandishi wa habari, napenda na kazi ya serikali. Baba mdogo anasema nichague

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 17, nimemaliza kidato cha nne na sasa niko nyumbani nasubiri matokeo. Naishi Dar es Salaam, ila mtaa sitautaja, ukisoma hadi mwisho utaona kwa nini. Baba alifariki nikiwa darasa la tano. Mama ni mama lishe, ana banda karibu na stendi ya daladala na huwa anatoka nyumbani saa kumi alfajiri. Mimi na mdogo wangu tunalelewa na baba mdogo, ambaye ni mtumishi wa halmashauri. Yeye ndiye aliyenisomesha: sare, tuisheni, nauli, hata miwani ninayovaa. Sina baya la kumsema, naomba hilo lieleweke kabla sijaendelea.

Tangu kidato cha pili nimekuwa nikikaa naye kuangalia taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Bunge likiwa Dodoma, naangalia kipindi cha maswali na majibu na naandika kwenye kaunta buku maswali ya nyongeza ninayoyapenda. Ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ikitoka, wenzangu wanacheki mpira, mimi natafuta ukurasa unaotaja halmashauri yetu. Shuleni nilianzisha gazeti la ukutani, tunaandika kwa maka peni kwenye manila na kubandika nje ya ofisi ya walimu. Habari yangu ya mwisho ilihusu matundu ya vyoo vya wasichana. Nilihesabu yanayofungwa mlango na yasiyofungwa, nikasimama pale saa ya mapumziko kuangalia foleni, nikaandika. Kabla ya kipindi cha pili ilikuwa imeshabanduliwa. Mkuu wa shule aliniita, nikajua nimekwisha, lakini alisema maneno mawili tu: "Ungeniuliza kwanza." Baadaye milango ilitengenezwa. Mpaka leo sijui kama ni kwa ajili ya habari yangu au walikuwa wameshapanga.

Shangazi, mimi nataka kuwa mwandishi wa habari. Lakini pia nataka siku moja niwe serikalini, niwe mkuu wa wilaya au balozi, kwa sababu mwandishi anasema tu, na mwenye ofisi ndiye anayetengeneza. Nikimwambia baba mdogo anakasirika. Anasema waandishi wanaishi kwa bahasha, leo wanakula kwa mtu, kesho wanamwandika. Anasema serikalini kuna mshahara unaojulikana tarehe yake, kuna na pensheni. Anataka kidato cha tano nichague kombi ya HGE (Historia, Jiografia na Uchumi) au EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati) nije kusoma uhasibu au utawala. Mimi nataka HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza). Mwalimu wangu wa Uraia, ambaye namheshimu sana, naye ameniambia mshika mbili moja humponyoka. Mama nikimuuliza anasema yeye hajui mambo hayo, nimsikilize baba mdogo.

Sasa kuna jambo lingine ambalo sijamwambia mtu. Mtaani kwetu kuna mfereji ulichimbwa ukaachwa nusu. Mvua ikinyesha maji yanaingia vyumbani, na kuna mtoto wa jirani alitumbukia akavunjika mkono. Juzi tukiwa tunakula, baba mdogo alikuwa anaongea na rafiki yake wa kazini, akasema hela ya ule mfereji ilihamishiwa kazi nyingine. Mimi nilikuwa natoa vyombo. Nilikwenda chumbani nikaandika kila kitu. Kuna dada mmoja mtangazaji wa redio nilimfahamu tulipokwenda kwenye kipindi chao cha wanafunzi, aliniambia nikiwa na habari nimtumie. Namba yake ninayo. Nimeandika ujumbe nikaufuta, nikaandika tena.

Nikituma, nahisi namsaliti aliyenilea. Nisipotuma, nahisi mimi si mwandishi wala sitakuwa. Na kama nimeshindwa na hili moja, hayo mawili kwa pamoja nitayawezaje?

Mwenye Mawili, Dar es Salaam

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuondokewa na baba ukiwa mdogo hivyo. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja. Umeniandikia kuhusu kombi, kazi na mfereji, na naona kwako wewe hayo ni jambo moja: unapenda mambo ya watu wote, yale ya kodi, vyoo na maji machafu, na hujui usimame upande gani wa meza. Nianze na mfereji, maana matokeo yatakuja kwa wakati wake lakini ule ujumbe unaweza kuutuma usiku wa leo.

Hebu tazama ulichonacho mkononi. Una sentensi moja uliyoisikia ukitoa vyombo, hela "ilihamishiwa kazi nyingine." Hujui ni kiasi gani, ilihamishwa lini, ilikwenda wapi, na nani aliidhinisha. Halmashauri huhamisha fedha kutoka kasma moja, yaani fungu moja la bajeti, kwenda nyingine, na ikifuata vikao vinavyotakiwa huo si wizi. Isipovifuata, hilo ni kosa. Sentensi uliyonayo haisemi ni lipi kati ya hayo. Sikwambii hivi ili kumtetea mtu. Nakwambia kwa sababu ukiipeleka redioni ilivyo, watu watasikia "hela imeliwa," na wewe mwenyewe huna hakika kama imeliwa. Mkuu wako wa shule alipokwambia "ungeniuliza kwanza," wewe ulisikia anakugombeza. Mimi nasikia kanuni ambayo kila mhariri humfundisha mwandishi mpya wiki ya kwanza, kwamba anayetajwa apewe nafasi ya kujibu kabla habari haijatoka.

Halafu kuna baba mdogo. Mtumishi wa umma anayetoa taarifa za ofisi bila ruhusa anaweza kuchukuliwa hatua za kinidhamu. Yeye hakuzitoa kwa redio, alikuwa nyumbani kwake anakula, lakini siku habari ikisikika ofisini kwao wataulizana nani alijua. Na mtaani wanajua wewe ni mtoto wa nani. Umeandika kwamba ukituma unahisi unamsaliti. Kaa na hisia hiyo kidogo, usiifukuze kwa kudhani ni woga. Waandishi wenye miaka mingi kazini nao hukataa kutumia jambo walilolisikia kwa mtu aliyekuwa hajui kwamba anazungumza na mwandishi. Nao bado ni waandishi.

Lakini sisemi unyamaze, maana mtoto amevunjika mkono na mvua zitarudi. Mfereji wenyewe si siri, uko nje, kila mtu anauona. Unaweza kuupiga picha, ukazungumza na mama wa yule mtoto akikubali, ukaulizia lini kazi ilisimama. Hayo ni yako, uliyaona kwa macho yako. Mtu mzima wa nyumbani au jirani anaweza kuuliza kwenye mkutano wa mtaa, mahali ambapo mwenyekiti na mtendaji wanatakiwa kujibu mbele za watu. Ipo pia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayompa mwananchi haki ya kuandika barua kwa ofisi ya umma na kuomba taarifa, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Ni njia ya polepole, na wengine huombwa warudi kesho na keshokutwa, lakini jibu likipatikana lina muhuri na halimtaji mtu wa nyumbani kwako. Ukimwambia yule dada wa redio "njooni mwone mfereji wetu," hilo nalo ni jambo tofauti kabisa na kumtumia maneno ya baba mdogo. Hata hivyo jiandae, maana swali lake la kwanza litakuwa kama unajua kwa nini kazi imesimama. Utamjibu nini? Amua kabla hujapiga simu.

Na kuna njia moja ambayo hukuitaja kabisa kwenye barua yako. Hukumuuliza baba mdogo. Inawezekana atafoka. Inawezekana pia amechoka kuubeba mfereji huo moyoni, ndiyo maana aliutaja mezani. Sijui, na wewe hujui.

Sasa nije kwenye kombi na kazi. Mwalimu wako amekupa methali nzuri na ninaiheshimu, ila nakuomba uangalie watu waliopita hapa kwetu kabla hujaikubali yote. Benjamin Mkapa alianza mwaka 1962 akiwa ofisa tawala Dodoma, akahamia mambo ya nje, na mwaka 1966 akawa mhariri wa The Nationalist, gazeti la chama cha TANU. Daily News ilipoanzishwa mwaka 1972 aliihariri, mwaka 1974 akawa mwandishi wa habari wa Rais, mwaka 1976 akawa mkurugenzi mwanzilishi wa Shihata, shirika la habari la serikali, mwaka 1977 Waziri wa Mambo ya Nje, na mwaka 1995 Rais. Yaani alitoka serikalini akaenda gazetini, akarudi serikalini. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa mhariri wa Sauti ya TANU, na mwaka 1958 mahakama ya wakoloni ilimtoza faini ya shilingi 3,000 kwa makala iliyowashutumu wakuu wa wilaya. Miaka mitatu baadaye alikuwa Waziri Mkuu. Said Kubenea wa gazeti la MwanaHalisi yeye aliingia bungeni kwa upande wa upinzani, akawa mbunge wa Ubungo kuanzia 2015 hadi 2020.

Usiyachukue majina hayo kama ahadi. Mkapa alihariri magazeti ya chama na ya serikali, kwa hiyo alipovuka alikuwa anahama chumba ndani ya nyumba moja. Leo vyombo binafsi ni vingi na kuvuka kunaonekana zaidi. Na hizo kazi mbili ulizozitaja, mkuu wa wilaya na balozi, haziombwi kwa barua. Ni za uteuzi. Uteuzi hutangazwa asubuhi, na umesikia mwenyewe kwenye taarifa ya saa mbili jinsi unavyotenguliwa jioni. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mwandishi anayeanza kazi huku jicho lake liko kwenye uteuzi. Hakuna anayemtisha wala kumhonga, ila polepole swali gumu linakuwa laini, na mtaani wanamwita chawa. Ukiamua kuanza na kalamu ukiwa na ofisi moyoni, utapaswa kujilinda na hilo kila wiki.

Umesema mwandishi anasema tu na mwenye ofisi ndiye anayetengeneza. Je, una hakika? Ile milango ya vyoo hujui ilitengenezwa kwa sababu gani, umekiri mwenyewe, na mimi nimependa sana ulivyokiri. Na huko ofisini nako, je, kila mtu anatengeneza? Baba mdogo yumo ofisini na mfereji bado uko wazi. Kuna watu wengi wema serikalini wanaojua jambo na hawana mamlaka nalo, na hawawezi kulisema. Hiyo ni sehemu ya kazi ile, na ni nzito kwa mtu mwenye tabia yako ya kukimbilia kaunta buku. Kwa upande mwingine, ripoti unayoisubiri kila mwaka inaandikwa na watumishi wa serikali. Mkaguzi wa CAG anaingia halmashauri, anafungua majalada, anauliza hela imekwenda wapi, na wanaoulizwa wanalazimika kumjibu. Nadhani hukuwahi kumfikiria kuwa ni mtu wa aina yako. Mfikirie.

Katikati kuna kazi ya ofisa habari wa wizara au halmashauri, ambayo wengi watakwambia ndiyo dawa yako kwa kuwa ina habari na ina serikali. Ni kazi yenye heshima na ajira yake hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira. Ila ujue mapema kwamba ofisa habari husema kile ofisi iliyomwajiri imekubali kisemwe. Habari ya vyoo angeiandika baada ya milango kutengenezwa.

Baba mdogo ana hoja ambazo usizipite haraka. Bahasha ipo. Inatolewa baada ya mikutano, wanaiita nauli, na inaota mizizi pale ambapo mwandishi wa kujitegemea analipwa kwa habari iliyotoka tu, tena kidogo na kwa kuchelewa. Ipo pia hofu ambayo pengine hakuitamka mbele yako. Daudi Mwangosi wa Channel Ten aliuawa akiwa kazini kijijini Nyololo, Iringa, tarehe 2 Septemba 2012. Azory Gwanda, aliyekuwa akiripoti kutoka Kibiti, alitoweka Novemba 2017. Mtu aliyebeba watoto wa marehemu kaka yake ana haki ya kuogopa, na wakati mwingine hofu hutoka mdomoni ikiwa hasira kuhusu bahasha. Lakini naye kuna jambo nadhani amelichukulia kirahisi. Kazi ya serikali haikusubiri mlangoni. Juni 2014, Idara ya Uhamiaji ilipofanya usaili wa nafasi 70, walijitokeza zaidi ya watu 10,000 hadi wakapelekwa Uwanja wa Taifa, Chang'ombe. Na mwandishi aliyeajiriwa kwa mkataba naye huchangiwa mafao kama mfanyakazi mwingine yeyote. Waulize wote wawili, wa ofisini na wa habari, wakuonyeshe maisha yao yalivyo, siyo cheo.

Kuhusu kombi, nadhani mnagombana kwa ukali kuliko jambo lenyewe linavyostahili. Mtu wa HGE na mtu wa HKL wanaweza kukaa darasa moja la uandishi wa habari chuo kikuu, kama pale Shule Kuu ya Uandishi wa Habari na Mawasiliano ya Umma ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. HKL itakupa lugha, na lugha ndiyo zana yako. HGE itakupa uchumi, na mwandishi anayeweza kusoma bajeti ya halmashauri bila kusubiri kuelezwa ni adimu na anatafutwa. EGM ina hisabati nzito, hapo jiulize wewe na hesabu mmeelewana vipi. Ukiona kombi uliyojaza shuleni haikufai, matokeo yakitoka huwa kuna dirisha la kubadili kwenye mfumo wa Selform wa TAMISEMI, ila linafungwa mapema, kwa hiyo mazungumzo yafanyike sasa. Wapo pia wanaokwenda moja kwa moja chuo baada ya kidato cha nne, wakianza na astashahada kisha stashahada. Utafika redioni mapema zaidi, na stashahada katika fani ya habari ndiyo kiwango cha chini kinachotakiwa upate ithibati ya kufanya kazi hii. Lakini vyuo vingi vya habari ni vya binafsi na vina ada, wakati kidato cha tano na sita katika shule za serikali ada ilifutwa mwaka 2022, yanabaki godoro, nauli na mahitaji ya fomu ya kujiunga. Ukichagua njia hii ya chuo, swali la nani atalipa linarudi mezani kwa baba mdogo, na si haki kulikwepa. Miaka miwili ya kidato cha tano na sita inakupa pia muda, na kwa umri wako muda si kitu kidogo.

Ukizungumza naye, jaribu usianze na "nataka HKL." Muulize alianzaje kazi, ni jambo gani aliwahi kulifanya ofisini likabaki, na ni lipi lilimshinda. Msikilize kama unavyowasikiliza wale wa Dodoma, na kaunta buku liache chumbani. Unaweza kukuta hamko mbali. Unaweza pia kukuta mko mbali kweli, na hapo mlete mwalimu wako wa Uraia au mzee wa ukoo anayemsikia.

Mwisho, mama. Kwenye barua nzima umemtaja mara mbili, na mara ya pili ulisema hajui mambo hayo. Huyo ni mtu anayehudumia makarani, makondakta na askari wa mgambo kila siku kabla hakujakucha, anasikia mengi kuliko wewe na mimi, na hajawahi kuyapeleka mahali pasipofaa. Kesho nenda naye bandani, umsaidie kumenya viazi. Muulize anakuonaje, siyo akuchagulie kombi. Halafu mweleze lile la mfereji, maana wewe ni mtoto bado na hupaswi kulibeba peke yako, na umsikie anasemaje kabla hujaandika ujumbe mwingine kwa yule dada.